Baba, Huku Mlima Unachezwa

Hilo, Hawaii
28 Aprili 2025

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo. Bibi, shikamoo sana, na pole na lile goti. Wadogo zangu, hamjambo? Mimi ni mzima, masomo yanaendelea vizuri, na mvua ya Hilo bado hainiachi. Huu ni mmoja wa miji inayonyeshewa zaidi Marekani nzima. Nguo nikizianika asubuhi, jioni ni mbichi vilevile.

Baba, juzi kwenye simu uliniuliza jambo, nami sikukujibu sawasawa kwa sababu mtandao ulikuwa unakatikakatika. Ulisema: tumekupeleka kusomea volkano, mbona picha unazomtumia mama yako ni za ngoma? Swali lako ni la haki. Ng'ombe waliouzwa ili nipande ndege hawakuuzwa ili nije kucheza. Nimelifikiria, nikaona jibu lake halienei kwenye ujumbe wa simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Naomba Bibi asomewe barua yote, hasa mwisho wake, maana mwisho unamhusu yeye.

Jibu ni hili: huku kumbukumbu za mlima zimewekwa ndani ya ngoma. Anayesoma mlima wa Kīlauea bila kuisikiliza hula, ngoma ya wenyeji wa huku, anasoma nusu yake. Sisemi hivyo kwa kuwa nimeipenda ngoma yao, ingawa kweli nimeipenda. Nasema kwa sababu wanasayansi wenye majina makubwa waliipuuza, na kupuuza huko kukawapoteza kwa muda mrefu.

Kwanza nikueleze mlima wenyewe. Kīlauea uko kiasi cha kilomita 50 kutoka hapa ninapoishi. Haukuchongoka kama Oldoinyo Lengai wetu. Ni mpana, umejilaza, na ukifika juu hukuti ncha, unakuta kaldera: shimo kubwa lililotokea pale kilele kilipodidimia, namna ileile Ngorongoro ilivyopatikana, ila hili ni dogo zaidi. Ndani yake kuna shimo jingine liitwalo Halemaʻumaʻu. Tangu tarehe 23 Desemba mwaka jana mlima unarusha lava kwa vipindi: unatulia kwa siku kadhaa, kisha chemchemi ya moto inapanda zaidi ya mita 100, halafu unanyamaza tena. Lava ya huku inapita nyuzi 1,100 za joto. Ya Lengai haifiki 600, nayo ndiyo ya joto la chini kuliko lava zote duniani. Walimu wangu wakisikia nimekulia upande wa Lengai huvuta viti wakaanza kuniuliza maswali.

Wenyeji wanasema ndani ya Halemaʻumaʻu anakaa Pele. Alitoka Kahiki, nchi ya mbali ng'ambo ya bahari, akaja kwa mtumbwi pamoja na ndugu zake, huku dada yake mkubwa Nāmakaokahaʻi, mwenye bahari, akimfuata kwa hasira. Pele akafika Kauaʻi, akachimba shimo apate pa kuweka moto wake. Maji yakaingia, moto ukazimika. Akaenda Oʻahu, yakawa yaleyale. Akaenda Maui, hapakumfaa. Mwisho akatua kisiwa hiki, akachimba Kīlauea, na hapa moto wake ukakaa.

Sasa Baba, chukua ile ramani ya ukutani. Kauaʻi, kule kaskazini-magharibi, kina umri wa miaka milioni 5 hivi. Kisiwa hiki cha kusini-mashariki hakijafikisha hata milioni moja. Umri wa visiwa unapungua kwa mpangilio uleule wa safari ya Pele. Sisi darasani tunaeleza kwamba bamba la chini ya bahari linasogea polepole juu ya chanzo kimoja cha joto, kwa hiyo visiwa vinazaliwa kimoja baada ya kingine. Hao waliosimulia hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho na mitumbwi: waliona miamba iliyolika kule, wakaona iliyo mipya huku, wakaipanga safari ya Pele ifuate mpangilio huo.

Lakini hiyo ni hadithi ya utangulizi tu. Iliyonishika mimi ni ya mdogo wake wa mwisho, Hiʻiaka. Bibi, isikilize hii vizuri.

Siku moja Pele alilala usingizi mzito. Roho yake ikasikia ngoma zikilia mbali, ikazifuata kisiwa hadi kisiwa mpaka Kauaʻi. Kumbe ni ngoma za hula, na katikati ya wapigaji yuko Lohiʻau, chifu kijana mzuri wa sura. Wakapendana. Siku zikaenda, Pele ikambidi arudi kwenye mwili wake, naye akamwahidi Lohiʻau kwamba atatuma mtu wa kumchukua. Alipoamka akawaomba dada zake, mmoja mmoja: nani ataniletea mume wangu? Wote wakaogopa njia, wakakaa kimya. Akakubali Hiʻiaka peke yake, yule mdogo kabisa.

Hiʻiaka alikuwa na rafiki wa roho aitwaye Hōpoe, wa huku Puna, jirani na Hilo. Hōpoe ndiye aliyemfundisha kucheza, ufukweni, upepo ukivuma na minazi ikiyumba nao. Hiʻiaka alikuwa pia na msitu wake wa ʻōhiʻa, miti yenye maua mekundu yaitwayo lehua. Kabla ya kuondoka akamwambia dada yake: nakwenda, lakini usiuguse msitu wangu, na umtunze Hōpoe. Pele akakubali, naye akaweka sharti lake: urudi ndani ya siku 40, na usimkumbatie Lohiʻau.

Safari ikawa ngumu. Njiani palikuwa na majitu ya umbo la mijusi, mengine humuhumu kwenye msitu wa Panaʻewa ninaoupita kila nikienda mlimani. Hiʻiaka akapigana nayo. Kufika Kauaʻi akamkuta Lohiʻau amekwisha kufa kwa huzuni. Akamwimbia kwa siku kadhaa hadi roho ikarudi mwilini. Kwa sababu hiyo alichelewa, na Pele mlimani akaanza kuhesabu siku kwa wivu. Wakati wa kurudi, alipokuwa juu ya milima ya Oʻahu, Hiʻiaka akatazama upande wa kwao akaona moshi. Msitu wake unaungua. Hōpoe amefunikwa na lava, amekuwa jiwe.

Hata hivyo hakumgusa Lohiʻau njia nzima. Alimleta mpaka ukingoni mwa shimo, mbele ya macho ya Pele, na pale ndipo akamkumbatia. Pele akawaka, akamfunika Lohiʻau kwa moto. Hiʻiaka akaanza kuchimba kuutafuta mwili wake. Akachimba kwa hasira, mawe yakiruka huku na huku, akashuka tabaka kwa tabaka, hadi wenzake wakamwonya: usizidi hapo, ukigonga maji yatapanda na kuuzima moto wa Pele. Akaacha. Wapo wanaosimulia kwamba baadaye Lohiʻau alifufuliwa tena, na wapo wanaoimalizia vingine.

Hadithi hii ilichapishwa kwenye magazeti ya Kihawaii kwa mfululizo, toleo hadi toleo, kuanzia mwaka 1861, lakini kabla ya hapo ilikuwa imekaa vinywani na mwilini mwa watu. Ni mamia ya nyimbo, na nyimbo hizo zinachezwa.

Karne ya 20 karibu yote wanasayansi walifundisha kwamba kaldera ya Kīlauea ilitokea mwaka 1790, kwa sababu mwaka huo palikuwa na mlipuko mkubwa ulioua watu wengi wa jeshi la chifu Keōua waliokuwa wakipita hapo. Nyayo za watu zimebaki kwenye majivu ya kule mpaka leo, kama zile za Engare Sero chini ya Lengai. Kisha akaja mwanajiolojia Donald Swanson, wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha huku, akaanza kupima upya. Namna wanavyopima ni hii: lava ikipita juu ya majani inayageuza mkaa, nasi tunauchimba mkaa ule chini ya jiwe na kuupima umri. Ikaonekana kwamba katika karne ya 15 lava ilitiririka kwa takriban miaka 60 mfululizo, ikafunika zaidi ya kilomita za mraba 400 za misitu ya upande wa Puna. Na mara tu baada ya hapo, karibu na mwaka 1500, kilele kikadidimia, kaldera ikatokea, na mlima ukawa unalipuka na kurusha mawe kwa vipindi kwa karibu miaka 300.

Yapange hayo na hadithi, Baba. Msitu wa Hiʻiaka unaungua kwanza. Halafu anachimba shimo, mawe yanaruka. Halafu onyo la maji, kwa sababu shimo likifika kina fulani linakuta maji yaliyo ardhini, na maji yakikutana na moto ndipo milipuko inapotokea. Mpangilio ni uleule. Mwaka 2008 Swanson akaandika waziwazi kwamba watafiti wenzake hawakuyahesabu masimulizi haya kuwa ushahidi, na kwa ajili hiyo wakakosea umri wa kaldera kwa karibu miaka 300. Nilipoisoma makala ile maktabani nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Miaka 300 ya makosa, na majibu yalikuwepo yanaimbwa na wanawake wa kijiji cha jirani!

Na si mambo ya kale tu. Mwaka 2018 lava ilipasua ardhi kule Puna na kuteketeza nyumba zipatazo 700, na huku juu sakafu ya Halemaʻumaʻu ikazama zaidi ya mita 500. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, maji yakaanza kuonekana chini kabisa ya shimo, jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa amewahi kulirekodi. Yakaongezeka mpaka yakawa ziwa lenye kina cha mita 50 hivi. Tarehe 20 Desemba 2020 lava ikarudi, na ziwa lote likachemka likawa mvuke usiku uleule. Wanaoimba habari za Hiʻiaka hawakuhitaji kuelezwa maji yale ni ya nini.

Sasa nije kwenye ngoma yenyewe. Mgeni akitazama hula mara ya kwanza huangalia kiuno, na matangazo ya hoteli yanamsaidia aangalie hukohuko. Huo ndio unyang'anyi unaoniuma. Kinachobeba hula ni maneno. Pasipo wimbo wenye maneno hakuna hula, hata mtu akicheza vizuri namna gani. Miguu inashika mapigo, mikono inafuata maneno, na macho yanafuata mikono. Ukitaja mvua, vidole vinashuka. Ukitaja ua la lehua, vidole vinakusanyika na kufunguka. Ukitaja mlima, mikono inaupandisha. Na chini ya maana ya wazi kuna maana iliyofichwa: ua linaweza kuwa msichana, mvua inaweza kuwa huzuni au mapenzi, na aliyekusudiwa huelewa peke yake kati ya umati. Kwa hiyo mwalimu wetu hatufundishi hatua hata moja kabla hatujakariri maneno na kueleza kila mstari unataja mahali gani, upepo gani, mvua gani. Huku kila bonde lina mvua yenye jina lake.

Hula ya kale haina gitaa. Ina sauti ya mwimbaji na vyombo vichache. Kipo kile kinachoitwa ipu heke, vibuyu viwili vilivyounganishwa kimoja juu ya kingine. Mwimbaji hukaa chini, hukigonga kwenye mkeka kikatoa sauti nzito, kisha hukipiga kwa vidole kikatoa nyepesi. Ipo pahu, gogo la mnazi lililochimbwa na kuwambwa ngozi ya papa, ngoma yenye heshima kubwa, ambayo wanasimulia kwamba chifu Laʻamaikahiki aliileta kwa mtumbwi kutoka Tahiti. Na vipo vijiwe viwiliviwili vya kila mkono, vyeusi, vilivyolainishwa na maji, ambavyo wachezaji huvigonganisha. Ni lava ileile ninayoipima maabara. Gitaa dogo la ukulele, ambalo dunia nzima inalihusisha na Hawaii, lilizaliwa baadaye kutoka chombo cha Wareno wa Madeira waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Meli yao mojawapo, Ravenscrag, ilitia nanga Honolulu mwaka 1879. Lina uzuri wake na hula zake za kisasa, tamu kweli. Mimi moyo wangu uko kwenye ile ya kale.

Mtindo wa watu wa mlimani ni wa chini: magoti yanakunjwa sana, mwili unashuka, kishindo kinatoka kwenye nyayo. Siku ya kwanza mapaja yaliniuma nikashindwa kupanda ngazi. Ukishuka hivyo, ukapiga chini pamoja na watu thelathini, sakafu inatetemeka, nawe unaelewa kwa mifupa yako kwamba wimbo unazungumzia ardhi inayotikisika.

Mtindo huu unatunzwa na ukoo wa Kanakaʻole. Edith Kanakaʻole, aliyezaliwa 1913, alifungua chuo chake cha hula mwaka 1953, akafundisha pia hapahapa kwenye chuo kikuu changu mpaka karibu na kufariki kwake mwaka 1979. Ukumbi ninaosomea Jumanne una jina lake, na uwanja wa mashindano hapa mjini una jina lake. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ikatoa sarafu ya senti 25 yenye sura yake, nywele zake zikigeuka kuwa nchi ya Hawaii, na maneno ya wimbo wake wa kuomba elimu. Wimbo huo tunauimba mara tatu kabla ya somo. Sarafu moja nimeifunga ndani ya karatasi humu. Ni ya Bibi, asipewe mtoto akaichezea.

Mama, najua wewe linalokusumbua ni jingine. Uliniuliza kama huku si kuabudu mizimu. Nitakujibu kwa heshima na kwa ukweli. Wamisionari walifika visiwani mwaka 1820, na mwaka 1830 Kaʻahumanu, malkia mwenye nguvu aliyekuwa amebatizwa, akaipiga marufuku hula hadharani. Kwa miaka mingi watu walijifunza vichochoroni na vijijini, bibi akimnong'oneza mjukuu. Kisha mfalme Kalākaua akaitoa nje. Kwenye sherehe za kutawazwa kwake 1883, na tena alipotimiza miaka 50 mwaka 1886, wachezaji walicheza kwenye viwanja vya ikulu siku kadhaa. Haikudumu. Mwaka 1893 ufalme ukapinduliwa, dada yake Liliʻuokalani akaondolewa kwenye kiti, na mwaka 1896 ikatungwa sheria kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Watoto walichapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Kihawaii kilikaribia kabisa kutoweka, na kilirudishiwa hadhi ya lugha rasmi mwaka 1978 tu. Ndani ya miaka yote hiyo, mahali ambapo mtu angeyakuta maneno ya zamani yamekaa sawasawa, na majina ya mvua na pepo yakiwa kamili, palikuwa ndani ya nyimbo za hula.

Leo wengi ninaocheza nao wanakwenda kanisani Jumapili. Wapo wanaomwita Pele mungu, wapo wanaomwita bibi wa ukoo, na wapo wanaosema ni jina la moto wa ardhi. Tukienda ukingoni mwa shimo kabla ya kucheza, mwalimu huimba kuomba ruhusa, tunasubiri, ndipo tunaingia. Mimi husimama kimya na kusali sala niliyofundishwa na wewe. Hakuna aliyewahi kunilazimisha vingine, Mama. Na nikuambie jambo ninaloliamini: huyo aliyeamua 1830 kwamba kila wimbo wa mlima ni dhambi alikuwa akichoma maktaba bila kujua.

Wiki iliyopita ndiyo ilikuwa wiki ya Merrie Monarch, tamasha linaloitwa kwa sifa ya mfalme Kalākaua. Huanza Pasaka kila mwaka, na mashindano yake ya hula yanafanyika hapa Hilo tangu 1971. Mji unafurika. Tiketi za mashindano ni ngumu kupata, lakini usiku wa Jumatano kuingia ni bure, nikapanga foleni mvuani nikapata nafasi. Ijumaa, usiku wa hula ya kale, nilitazama kwenye televisheni pamoja na mama mwenye nyumba wangu. Yeye ni mtu mzima, magoti hayamruhusu tena, lakini mikono yake ilikuwa ikicheza juu ya meza mwanzo hadi mwisho, na kila walipotaja mahali aliniambia: hapo ni kwa shangazi yangu, hapo palifunikwa na lava 2018, hapo bado kuna chemchemi. Nilichukua daftari nikaandika majina. Karibu nusu yake hayamo kwenye ramani zetu za jiolojia.

Jambo moja limebadilika na linawahuzunisha. Zamani wachezaji walivaa mashada ya lehua kichwani na mikononi. Sasa miti ya ʻōhiʻa inakufa kwa ugonjwa wa ukungu unaoziba mishipa ya maji ndani ya shina, na ugonjwa unaenea kwa majeraha na kwa udongo unaoshika viatuni. Kwa hiyo tangu 2016 makundi mengi yameombwa yasichume, nayo yakakubali, yakacheza nyimbo za lehua bila lehua. ʻŌhiʻa ndiyo miongoni mwa miti ya kwanza kuota juu ya lava iliyopoa. Mbegu yake ni nyepesi kama vumbi, inaingia kwenye ufa wa jiwe ikashika. Mkiona picha yangu nimevaa majani matupu kichwani, sababu ni hiyo. Na tukitoka msituni tunapuliza viatu dawa kabla ya kupanda gari.

Sasa Bibi, nimefika kwako.

Mwaka 1966 Lengai ulipolipuka, wewe ulikuwa msichana Engaruka. Nilipokuwa mdogo ulinisimulia kwa vipande vipande, tukiwa jikoni, nami nilikuwa nikisinzia. Nakumbuka uliimba pia, wimbo wa kina mama waliokwenda mlimani kuomba, na ulikuwa ukiinua mkono mmoja mahali fulani katikati ya wimbo. Sikumbuki maneno. Sikumbuki ni mkono upi. Vitabu nilivyonavyo vinanieleza mlipuko ule kwa vipimo vya majivu, na hakuna hata kimoja kilichomuuliza mwanamke wa Engaruka.

Namwomba mdogo wangu wa Kidato cha Tatu akae nawe na simu, si siku moja, aje kila utakapokuwa na nafasi. Akurekodi kwa Kimaasai kama unavyosema, asitafsiri, asikukatize. Picha ichukue na mikono. Nataka kujua majivu yalianza kuanguka saa ngapi na kwa siku ngapi, upepo ulitoka upande gani, majani yalikuwa na rangi gani, ng'ombe walianza kuumwa nini, mlihamia wapi na mlirudi lini. Nataka kujua nani alitunga wimbo, na kama upo mwingine wa zamani zaidi, wa mlipuko ambao hata wewe ulisimuliwa tu. Kama kuna wimbo usiopaswa kusikika na watu wa nje, usiuimbe kwenye simu. Niimbie mimi nikija. Uliobaki, ukiridhia, nitaupeleka kwa mwalimu anayenisimamia, na jina lako litaandikwa kama unavyotaka liandikwe. Wapo na bibi wengine wa rika lako Engaruka. Baba, ukipita huko kwa gari, nakuomba uwaulize kama wako tayari, na uwapelekee sukari na majani ya chai kwa niaba yangu.

Pesa ya kadi kubwa ya kuhifadhi picha nimeituma kwa simu ya Mama. Iliyobaki ni ya dawa ya goti.

Nitapiga Jumapili. Kwenu itakuwa saa mbili usiku, huku saa moja asubuhi, kabla sijaenda mlimani. Simu iwe na chaji, na Bibi akae karibu nayo.

Nawapenda wote,

Binti yenu